JUU YA NINI KIFUNGO CHA TAA KINAPATA MOTO? Somo la umeme katika motokari ya zamani



Katika darasa la fizikia tumejifunza sheria mbili za umeme. Ya kwanza ni ya Georg Simon Ohm, aliyekuwa mwalimu wa sekondari kule Köln katika Ujerumani, kama vile walimu wetu walivyo hapa. Kitabu chake kilitoka mwaka wa 1827. Ya pili ni ya James Prescott Joule, Mwingereza, aliyeitangaza mwaka wa 1841. Tumeziandika katika kaye, tumepata pointi, na kaye imefungwa. Leo tunataka kuifungua tena, lakini si mbele ya ubao. Tutaifungua mbele ya motokari ya zamani ambayo kifungo chake cha taa za mbele kinapata moto mpaka mutu hawezi kukishika.

Ugonjwa huu unajulikana hivi. Jioni shofere anavuta kifungo, mafare yanawaka vizuri. Baada ya robo saa anasikia harufu kama ya sahani ya plastiki iliyowekwa karibu na mbabula. Mwanga unakuwa wa njano-njano, kisha unacheza kila mara gurudumu linapoingia katika shimo. Akitikisa kifungo, mwanga unarudi. Siku ingine taa zote mbili zinazimika kwa mara moja. Anasimama, anangoja kidogo, zinawaka tena. Anasema: «Imepona.» Haikupona hata kidogo.

Kwetu karibu na ikweta giza linaingia saa kumi na mbili na nusu hivi, mwaka mzima, wala hakuna mwezi unaotupa jioni ndefu. Motokari inayopeleka mugonjwa hospitali, au inayorudisha wanafunzi kutoka mashindano, inatembea gizani mara nyingi. Kwa mwendo wa kilometa 60 kwa saa inakula karibu mita 17 kila sekunde. Shofere mwenye akili ya haraka anatumia sekunde moja kabla mguu haujagusa breki, na breki zenyewe zinaomba mita 20 na zaidi kwenye lami kavu. Hiyo ni karibu mita 40 ambazo anatembea kama kipofu. Wale wanaojua milima ya Ngomo, kwenye barabara ya Bukavu na Kamanyola, hawataomba maelezo mengine.

Sasa watu wanafanya nini? Wengine wanabadilisha ampule. Wengine wanasema dinamo imechoka. Wengi wananunua kifungo kingine cha okasio, wanakiweka, na kisha miezi michache harufu inarudi. Tunajua Volkswagen moja iliyobadilishwa kifungo mara mbili, na mara zote mbili kile kilichotupwa hakikuwa na kosa. Kosa lilikuwa katika kale kachuma kadogo kanakoshika mwisho wa waya, kale mafundi wanaita kose. Kilichokosekana pale hakikuwa piese, ilikuwa kipimo cha dakika tano.

UMEME UNAPITA WAPI

Tuchukue mufano wa Volkswagen Coccinelle, ile ya mugongo wa mviringo ambayo wazee wetu wote wanaijua. Ujerumani iliacha kuitengeneza mwaka wa 1978, na Mexico mwaka wa 2003. Kwa hiyo kila moja inayotembea leo ni muzee, na kontakti zake ni za kizee vilevile.

Umeme unatoka batri, ambayo katika Coccinelle iko chini ya kiti cha nyuma. Unapita katika waya ndefu mpaka mbele, unaingia katika kifungo cha taa kwa namba 30. Musione namba hii kama ya bahati tu: Wajerumani walipanga namba moja kwa kazi moja, na namba hizo zimeandikwa pembeni ya kila kichuma cha kifungo. 30 ni umeme unaotoka batri moja kwa moja. 56 ni umeme unaotoka kwenda mafare. 58 ni taa ndogo na taa za nyuma. 31 ni masi, maana yake mwili wa chuma wa motokari, ambao unarudisha umeme katika batri. Kuna modeli ambazo umeme wa mafare unapita kwanza katika kontakti ya ufunguo, na unaingia katika kifungo kwa namba X. Basi pale pote tunaposema 30, munasoma X. Mutu akishika namba hizi katika kichwa, anaweza kufungua motokari yoyote ya Kijerumani ya wakati ule bila kuogopa zile waya nyingi za rangi.

(Land Rover na motokari zingine za Kiingereza hazina namba hizi, lakini rangi zake zinasema: kahawia ni umeme wa batri, bluu ni mafare, nyekundu ni taa ndogo, nyeusi ni masi. Kama motokari imepita katika mikono ya mafundi kumi, musiamini rangi sana.)

Kutoka 56 umeme unakwenda kwenye rele ya kuchagua mwanga murefu ao mufupi. Katika Coccinelle za zamani zaidi ni kifungo cha mguu. Mwanga murefu una namba 56a, mwanga mufupi 56b. Ni nyuma ya hapo tu ndipo umeme unafika kwenye fizibu, moja kwa kila taa, kisha kwenye ampule, kisha masi.

Tazameni vizuri mupango huu. Fizibu ziko nyuma ya kifungo. Waya inayotoka batri mpaka kifungo haina ulinzi wowote, na kifungo chenyewe hakina ulinzi. Kifungo kinaweza kuungua chote, na fizibu inabaki nzima inaangalia tu.

HESABU

Ampule za kawaida za Coccinelle ya volti 12 ni za wati 45 kwa mwanga murefu na 40 kwa mwanga mufupi. Tuwashe mwanga mufupi: mbili zinafanya wati 80. Tuongeze taa ndogo za mbele, za nyuma, za namba na za tablo, tuseme wati 25 zote pamoja. Jumla ni 105. Tukigawanya kwa volti 12 tunapata ampere 8,75, tuite 9. Hizi ampere 9 zote zinapita katika kile kichuma kimoja cha namba 30, chenye upana wa milimita 6 na kitu.

Kontakti nzuri, safi, inayoshikwa na ressort yenye nguvu, rezistansi yake ni ndogo sana, omu 0,01 ao chini. Joule anatuambia joto ni rezistansi mara ampere mara ampere: 0,01 × 9 × 9 = wati 0,8. Hiyo si kitu, kifungo kitakuwa vuguvugu tu.

Sasa kontakti imezeeka. Vumbi ya barabara imeingia, mvua imeleta unyevu, shaba imefanya ngozi nyeusi. Rezistansi imepanda mpaka omu 0,1. Darasani mutu ataandika 0,1 na kusema ni karibu na sufuri. Lakini fanyeni hesabu: 0,1 × 81 = wati 8,1. Wati nane katika fasi ndogo kama punje ya hindi, ndani ya kisanduku cha plastiki kisichokuwa na hewa! Pale ndipo harufu inapotoka.

Na ubaya haukomi hapo. Joto linalainisha ressort, ressort inaacha kukaza, kontakti inashika vibaya zaidi, rezistansi inapanda, joto linaongezeka. Tena kila mara kifungo kinapokatwa, kacheche kadogo kanaruka kati ya vyuma viwili na kuvichimba. Ugonjwa unajilisha wenyewe. Ndiyo maana haujaponaka kwa kungoja. Taa zinarudi kuwaka baada ya kupoa kwa sababu chuma kimejikunja na kimegusana tena kwa muda, basi.

Kisha anakuja mutu mwenye shauri la kuweka ampule za nguvu, zile za wati 100. Anataka kuona mbali, na tunamuelewa. Mwanga murefu utakuwa wati 200, na zile 25, jumla 225: ni karibu ampere 19. Ampere zimezidi mara mbili na kidogo, lakini joto linakwenda kwa mraba: 0,1 × 19 × 19 = wati 36. Ni zaidi ya mara nne. Kwa kweli itakuwa chini ya hapo kidogo, kwa maana taa zenyewe zitapokea volti pungufu. Lakini wati 36 ni nguvu ya chuma cha kulehemu redio. Hakuna kifungo cha zamani kinachoweza kuvumilia kitu kama hicho chini ya tablo.

Tena, yule mutu hatapata mwanga alioutafuta. Rezistansi ya omu 0,1 na ampere 9 inakula volti 0,9. Ampule ya waya ya moto haipunguzi mwanga wake polepole kama volti zinavyopungua: ukiondoa sehemu moja ya kumi ya volti, mwanga unaanguka karibu sehemu tatu za kumi. Hapo shofere anaona taa za njano, anafikiri ampule ni zaifu, ananunua kubwa zaidi, na anaongeza moto katika kifungo. Tunajua wote mufano wa zile taa zilizokosa mafuta usiku. Hapa mafuta iko katika batri, inatosha, inamwagika njiani.

Tuseme kidogo juu ya fizibu, kwa maana vijana wengi wanateleza hapa. Fizibu inakatika wakati ampere zimepita kipimo. Lakini kontakti mbovu inapunguza ampere, haiziongezi! Kwa hiyo fizibu ya ampere 8 haiwezi kuona ugonjwa huu hata siku moja. Na yule anayetoa fizibu na kuweka musumari, ao papieri ya kungʼaa ya pakiti ya sigara, hasaidii kifungo hata kidogo. Anachoondoa ni ule ulinzi kadogo uliobaki kwa waya za mbele. «Weka tu, itatembea.» Ndiyo, itatembea, mpaka siku waya itakapogusa masi.

KUPIMA

Vyombo: voltimetri ya sindano ao multimetri ya namba, na waya ndefu ya kuongeza. Hii waya ya kuongeza inaweza kuwa nyembamba kama ya redio, kwa maana voltimetri haikunywi umeme karibu hata kidogo, na pasipo ampere hakuna volti zinazopotea. Mutu akiuliza juu ya nini hatupimi rezistansi moja kwa moja na multimetri, jibu ni hili: multimetri ya kawaida haioni vizuri omu 0,1, waya zake zenyewe ziko na rezistansi kama hiyo. Tunaacha zile ampere 9 za motokari zifanye kazi, na sisi tunasoma volti zilizopotea. Ni Ohm yule yule, amegeuzwa tu.

Kwanza ombeni ruhusa kwa mwenye motokari. Kisha tumieni pua na macho kabla ya voltimetri. Zimeni taa, ngojeni ipoe, tazameni nyuma ya kifungo. Katika Coccinelle munakifikia kwa kufungua kifuniko cha mbele. Plastiki imegeuka kahawia fasi gani? Kama ni kuzunguka kichuma kimoja cha nje, pale waya inapoingia, ugonjwa uko katika kose. Kama ni katikati ya mwili wa kifungo, ugonjwa uko ndani. Kama waya yenyewe imekuwa ngumu kama kijiti kwa urefu wa mukono, ni waya. Kwa alama hii peke yake munaweza kujua jibu mara nyingi, na voltimetri inakuja kushuhudia.

Motere imezimwa, batri imejaa, mwanga mufupi unawaka. Batri nzuri iliyopumzika inaonyesha volti 12,6 hivi. Taa zikiwaka inashuka kidogo. Fanyeni haraka, musiikaushe.

Ncha moja kwenye plus ya batri, ncha ingine kwenye kichuma 30 cha kifungo. Musishangae kama sindano haiendi mbali: hatupimi volti zilizoko, tunapima zilizopotea njiani. Volti 0,3 ao chini ni sawa. Kisha ncha moja kwenye 30 na ingine kwenye 56. Hapa ni kifungo peke yake. 0,1 ao 0,2 ni sawa. 0,5 ni mugonjwa. Volti nzima ni kifungo kinachoungua. Hapa kuna ujanja mumoja ambao mafundi wengi hawaufanyi: pimeni pia kati ya kichuma cha 30 na ile kose inayokaa juu yake. Kwa macho vinagusana, ni kitu kimoja. Kama sindano inaonyesha nusu ya volti kati ya vitu viwili vinavyogusana, mumekamata mwizi.

Kisha kutoka 56 mpaka kwenye ampule: hapa umeme unapita katika rele ya kuchagua na fizibu, tunakubali mpaka 0,5. Zile fizibu ndogo za Coccinelle zilizo wazi zinashika kutu kwenye ncha zake, na zikizungushwa kwa kidole mara nyingine mwanga unaongezeka palepale. Mwisho, kutoka masi ya ampule mpaka minus ya batri. Masi mbaya inapunguza mwanga lakini haileti joto katika kifungo. Tunaipima ili tusichanganye magonjwa mawili.

Asiyekuwa na voltimetri atumie mukono, lakini kwa akili. Awashe taa dakika kumi, azime, kisha aguse plastiki, si chuma. Joto la digrii 50 kidole kinavumilia. Kwa 60 unatoa mukono bila kupenda. Ukitoa mukono, kuna ugonjwa.

KUTENGENEZA

Toeni kwanza waya ya minus kwenye batri. Si mazoea tu ya waalimu. Waya ya 30 haina fizibu, turnavisi ikigusa 30 na masi kwa mara moja itayeyuka ncha yake, na kwa batri nzuri waya inaweza kuwa nyekundu kabla hamujakimbia.

Katika Coccinelle kirungu cha kifungo kinafunguka kwa kuzungushwa, kisha munaondoa ile pete inayokishika kwenye tablo, na kifungo kinatoka kwa nyuma. Bandikeni karatasi yenye namba kwenye kila waya mbele ya kuitoa. Yule anayesema atakumbuka rangi, kwa kawaida tunamukuta bado hapo saa kumi na moja.

Kama ugonjwa uko katika kose: usikaze tu na koleo na kurudisha. Kose iliyogeuka bluu ao kahawia imepoteza nguvu ya ressort yake, haitashika tena. Kata, ondoa waya mpaka ufike kwenye shaba inayongʼaa, weka kose mpya, uiminye vizuri. Shaba nyeusi haishiki hata ikiminywa na nyundo. Kulehemu peke yake hatukupendi hapa: bati ya kulehemu inaanza kulainika kwenye digrii 183, na kose iliyo na ugonjwa haiko mbali na hapo. Sugua pia kichuma cha kifungo na papieri ya musasa mwembamba mpaka kingʼae.

Kama ugonjwa uko ndani: vifungo vingine vimefungwa na vyuma vidogo vilivyokunjwa, vinaweza kufunguliwa polepole, vingine vimefungwa na ribeti na hapana kuvilazimisha. Ukifaulu kufungua, sugua vyuma vinavyogusana na musasa mwembamba sana, usitumie lima. Jaribu ressort kwa kidole. Ikiwa imelegea, usafi wako utadumu wiki chache tu, tafuta kifungo kingine. Mafuta ya motere hapana, inakamata vumbi na kuungua.

Kisha rudieni kipimo kile kile. Kazi isiyopimwa mara ya pili haijaisha.

RELE

Hata kifungo kipya kinabeba kazi ambayo si yake. Kwa maoni yetu, motokari ya zamani inayotembea usiku inafaa kupewa rele, hata kama mafundi wengine wanasema ni gharama ya bure. Rele ni kifungo kikubwa kinachovutwa na sumaku ya umeme. Sumaku hiyo inaomba ampere 0,15 hivi. Ni hiyo tu itakayopita katika kifungo cha tablo kwa ajili ya mafare. Tufanye hesabu ya Joule tena, na kontakti mbovu ya omu 0,1: 0,1 × 0,15 × 0,15. Ni wati 0,002. Kifungo kizee kilichokuwa kinaungua kinaweza kufanya kazi miaka mingine bila kusikia kitu. Zile taa ndogo za wati 25 zinabaki kupita ndani yake kama zamani, nazo ni ampere 2 tu.

Rele ya kawaida ina miguu minne: 85 na 86 ni ya sumaku, 30 ni umeme unaoingia, 87 ni umeme unaotoka kwenda taa. Weka mbili, moja kwa mwanga mufupi na moja kwa mwanga murefu, ili moja ikifa ingine ibaki. Ile waya ya zamani ya 56b inakatwa mbele ya fizibu na kupelekwa kwenye 86 ya rele ya kwanza. 85 inakwenda masi. 87 inakwenda kwenye fizibu za zamani za mwanga mufupi. Kwa 56a vilevile na rele ya pili.

Umeme wa 30 utoke kwenye batri kwa waya mpya, na kila rele ipewe fizibu yake ya ampere 15, karibu na batri, si karibu na rele, ili waya yote ilindwe. Waya iwe ya milimita mraba 4. Shaba ina rezistansi ya omu 0,0175 kwa kila mita ya milimita mraba moja. Kwa mita 4 za waya hiyo tunapata 0,0175 × 4 ÷ 4 = omu 0,0175, na kwa ampere 7,5 inapotea volti 0,13 tu. Waya ya milimita mraba 1,5 ingepoteza 0,35. Pale inapopita katika tundu la chuma, lazima mupira uizunguke. Mutikisiko wa barabara zetu unakata ngozi ya waya kama musumeno.

Na kwa kuwa tuko chini ya kiti cha nyuma: funikeni plus ya batri na kitu kisichopitisha umeme. Kiti cha Coccinelle kina ressort za chuma, na watu watatu wenye uzito wakikaa, ressort zinaweza kugusa batri. Kiti kinawaka kabla ya taa.

ZOEZI

1. Mpaka mwaka wa 1967 hivi Coccinelle nyingi zilikuwa za volti 6, na ampule zenye wati zile zile 40. Tafuta ampere za mafare mawili kwa volti 6 na kwa volti 12. Kama kontakti ina omu 0,1, joto lake ni wati ngapi katika kila motokari?

2. Taa zinawaka, mafare yanachukua ampere 8 na taa ndogo zimezimwa. Kwa kila fasi tunapima volti mbele ya masi, na tunasoma: batri 12,4, kichuma 30 11,9, kichuma 56 10,9, ampule 10,7. Tafuta rezistansi ya kila sehemu ya njia na joto lake kwa wati. Ni magonjwa mangapi, na utaanza na lipi?

3. Shofere ametoa fizibu ya ampere 8 ameweka musumari. Waya ya milimita mraba 1,5 kati ya musumari na ampule inagusa masi. Fuata njia yote kutoka batri, taja kila kitu ambacho umeme utapita, na useme ni kipi kitaungua kwanza. Je, kama kuna rele yenye fizibu ya ampere 15 karibu na batri, jibu lako linabadilika?

Majibu mulete kwa mwalimu wa fizikia kabla ya toleo lijalo. Tutaandika hesabu kamili ya zoezi la pili, kwa maana lina mutego.